BoP kwenye mbio za GT na Hypercar: ni haki, au ni kumwadhibu anayejua kazi?

Kipimamwendo ameandika:

Wakuu, naomba tulijadili hili la BoP (Balance of Performance, yaani waandaaji kusawazisha magari ya kampuni tofauti kwa kuyabadilishia uzito, nguvu na mengineyo) kwa hoja, maana kila msimu linarudi na kila mara linaishia kwenye ushabiki wa nembo.

Mwaka 2023 Toyota walishinda mbio tatu za mwanzo za WEC (ubingwa wa dunia wa mbio za masafa marefu, ambao daraja lake la juu ndilo Hypercar): Sebring, Portimão na Spa. Zikiwa zimebaki siku kumi hivi kufika Saa 24 za Le Mans, likatoka jedwali jipya la BoP. Toyota wakaongezewa kilo 37, Ferrari 24, Cadillac 11, Porsche 3. Utaratibu uliokuwa umetangazwa awali ulisema uwiano wa kampuni moja na nyingine hautaguswa mpaka Le Mans ipite. Kilichoruhusiwa ni kurekebisha uwiano wa makundi mawili tu ya Hypercar, LMH (gari linalobuniwa lote na kampuni) na LMDh (linalojengwa juu ya chasisi na haibridi ya pamoja). Ferrari wakachukua nafasi mbili za kwanza kwenye mchujo, kisha wakashinda mbio kwa tofauti ya dakika 1 na sekunde 21.

Sisemi Ferrari hawakustahili. Ninachouliza ni hiki: kama mhandisi mmoja amefanya kazi nzuri kuliko mwenzake, kwa nini kazi hiyo ifutwe kwa vipande vya chuma vilivyofungwa sakafuni? Na kama lengo ni kusawazisha, kwa nini wakimbilie uzito badala ya nguvu ya injini? Halafu kuna wanaoficha makali kwenye majaribio ili wapewe unafuu. Hao wanadhibitiwaje?

---

GiaYaSita amejibu:

Mkuu, tuanzie kwenye chanzo, vinginevyo swali la haki litaelea hewani.

BoP haikubuniwa kwa ajili ya Hypercar. Ilipata umaarufu na GT3, daraja alilolianzisha Stéphane Ratel mwaka 2006. Wazo lilikuwa kila kampuni ilete gari inayotokana na ile ya barabarani, na waandaaji wazisawazishe. Mercedes-AMG GT3 ina V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo, injini iko mbele. Porsche 911 GT3 R ina silinda sita bapa nyuma ya ekseli. Ferrari 296 ina V6 ya lita 3.0 yenye turbo mbili, imekaa katikati. Ukiziweka kwenye kanuni moja ya kawaida, umbo la gari la barabarani litakuwa limeshaamua mshindi kabla taa hazijawaka, na kampuni zilizobaki zitafungasha virago.

Upande wa juu, LMP1, daraja lililotangulia Hypercar, ilionyesha tunakofika bila breki ya namna hii. Audi waliondoka mwisho wa 2016, Porsche mwisho wa 2017, Toyota wakabaki na timu binafsi ambazo hazikuwa na bajeti wala mfumo wa haibridi wa kushindana nao. Leo kwenye Hypercar kuna Aston Martin Valkyrie yenye V12 ya lita 6.5 isiyo na mota ya umeme hata moja, inakimbizana na Toyota yenye V6 ya lita 3.5, turbo, na mota inayosukuma magurudumu ya mbele. Bila BoP magari hayo hayakutani.

Kwa hiyo mhandisi hafutiwi kazi yote. Anafutiwa sehemu moja tu: kasi ya juu kabisa ya gari kwa mzunguko mmoja. Kinachobaki ni kikubwa. Gari linalotunza tairi hadi mwisho wa zamu (kipindi cha kati ya kusimama piti mara moja na nyingine), lisilochemsha breki, ambalo dereva wa daraja la chini anaweza kuliendesha bila kuliogopa, ambalo fundi anabadilisha pua yake kwa sekunde chache: hayo hayamo kwenye jedwali lolote, na ndiyo yanayoshinda mbio za saa 24.

---

BawaLaNyuma amejibu:

Nakubaliana na GiaYaSita kuhusu chanzo, ila swali la uzito dhidi ya nguvu ndilo lenye mzizi wa malalamiko mengi, na linahitaji kuchambuliwa.

Kila kifaa cha BoP kinagusa sehemu tofauti ya mzunguko. Uzito unaonekana wakati wa kuongeza mwendo, wakati wa kufunga breki, na kwenye kona za mwendo wa taratibu. Gari la kilo 1,043 ukiliongezea 37 limekuwa zito kwa asilimia 3.5. Kona nazo zinaathirika, kwa sababu mshiko wa tairi hauongezeki kwa uwiano uleule wa mzigo unaowekwa juu yake. Juu ya hapo tairi inakula joto na inachakaa mapema. Lakini kwenye sehemu ndefu nyoofu, gari likishafika mwendo wake wa juu kabisa, zile kilo hazina athari ya maana. Pale adui ni hewa.

Nguvu ya injini ni kinyume chake. Nguvu inayohitajika kupasua hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Kwa hiyo ukikata nguvu asilimia 3, mwendo wa juu unapungua kama asilimia 1 tu: gari la 330 km/h linapoteza takriban 3 km/h. Inaonekana kidogo, lakini kilomita 3 mwishoni mwa nyoofu ndizo zinazoamua nani ataovateki na nani atabaki nyuma akiangalia taa za mwenzake.

Tatizo la haki ninaloliona mimi liko hapa. Chukua gari A lenye mwendo mkali kwenye nyoofu na udhaifu kwenye kona, na gari B la kinyume chake. Unaweza kuyasawazisha mpaka yote yaweke muda uleule kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Jedwali litasema kuna usawa. Yaweke sasa yakimbie pamoja: A likiwa mbele, B halipiti, kwa sababu kwenye kona limekwama kwenye hewa chafu, yaani iliyovurugwa na mwenzake wa mbele, na kwenye nyoofu linaachwa. B likiwa mbele, A linapita mwisho wa nyoofu ya kwanza. Muda wa mzunguko ni sawa, mbio si sawa hata kidogo.

WEC walikuja kulikubali hili kimatendo mwaka 2024 walipoweka nguvu ya hatua mbili, yaani jedwali lina kiwango kimoja cha nguvu kwa mwendo wa chini ya kikomo kilichowekwa na nyongeza au punguzo kwa mwendo wa juu ya hapo. Sasa unaweza kumsaidia mwenye ukinzani mkubwa wa hewa kwenye nyoofu bila kumpa zawadi kwenye kutoka kona. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa ya haki kuliko kilo zozote.

Kwenye GT3 hawana anasa hiyo kila mahali, kwa hiyo wanacheza na vifaa vya zamani. Injini isiyo na turbo inawekewa kizuizi cha hewa, yaani bamba lenye tundu la kipenyo maalum. Ukitoka milimita 36 kwenda 35 unaona ni milimita moja, lakini eneo la tundu limepungua asilimia 5.5, na hewa nayo hivyohivyo kwenye mizunguko ya juu ya injini. Mizunguko ya chini haiguswi sana, ndiyo maana gari lenye lita nyingi bado linachomoka vizuri kutoka kona hata likiwa limebanwa. Injini ya turbo inapewa jedwali la presha kwa kila kiwango cha mizunguko, na kompyuta ya waandaaji inarekodi kila unapozidi.

Hapo ndipo mambo yanaharibika ukienda viwanja vya juu. Kyalami iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 au 15. Injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kiasi hicho bila kuuliza mtu. Turbo inazungusha kompresa kwa kasi zaidi na kurudisha presha yake. Jedwali lililotengenezwa kwa kiwanja cha pwani ukilipeleka kule bila marekebisho, umeshatoa kikombe.

---

Kipimamwendo ameandika:

Asante BawaLaNyuma, hiyo ya muda sawa na mbio zisizo sawa imenikaa. Vipi sasa bawa na urefu wa gari kutoka ardhini? Na hizo kilo, je, kila gari linaumia sawa?

---

BawaLaNyuma amejibu:

Haliumii sawa. Uzito wa nyongeza unafungwa kwa bolti sakafuni, kwa kawaida upande wa abiria, mahali palipoidhinishwa. Gari lenye injini nyuma ukiliwekea kilo 20 mbele ya kitovu chake, umelipunguzia mwendo lakini pia umelisogezea uzito kwenye tairi za mbele, ambazo zilikuwa na njaa ya mshiko. Gari lenye injini mbele halipati faida hiyo. Jedwali linaandika "+20 kg" kwa wote wawili.

Urefu kutoka ardhini ni mkali zaidi ya unavyodhani. Sakafu na difyuza (sehemu ya sakafu inayopanda juu nyuma ya gari) ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya mkandamizo wa hewa, na vinategemea nafasi ndogo iliyopo kati ya gari na lami. Ukiamuru milimita 5 zaidi, kuna gari litapoteza mkandamizo kidogo na jingine litavurugika kabisa kwa sababu sakafu yake ilitengenezwa kufanya kazi katika dirisha jembamba. Bawa la nyuma linapewa pembe ya chini kabisa inayoruhusiwa, ili mtu asililaze kupunguza ukinzani kwenye viwanja vya nyoofu ndefu. Hypercar wamepunguza fujo hii mapema: mkandamizo na ukinzani vinapimwa kwenye handaki la upepo na lazima viangukie ndani ya mipaka iliyowekwa, na gari lina umbo moja lililoidhinishwa pamoja na kifaa kimoja cha kurekebisha hewa. Ndiyo maana kule wanabaki kucheza na uzito, nguvu na nishati.

---

Mhakiki_wa_Data amejibu:

Nijibu la kuficha makali, kwa sababu hapo ndipo imani ya watu inapopotelea.

Njia za kujificha ni za kawaida. Dereva anaachia mafuta mita mia kabla ya mstari wa muda. Au anapiga sekta ya kwanza (kipande cha mzunguko kinachopimwa muda wake peke yake) kwa nguvu zote, ya pili anatulia, kwenye mzunguko unaofuata anageuza. Hakuna mzunguko mmoja unaoonyesha uwezo wote, lakini timu yenyewe imeshapata majibu yake. Wengine wanabeba mafuta mengi, wanatumia tairi zilizochoka, au wanaweka ramani laini ya injini.

Kuwanasa, usitazame muda wa mzunguko. Jumlisha sekta bora za gari zima, kisha tazama alama za kanyagio la mafuta, mwendo wa chini kabisa ndani ya kila kona na mahali breki inapoanza kushikwa. Gari linalofunga breki mita 15 mapema kwenye kila kona, likiwa na dereva yuleyule aliyefunga kwa kuchelewa mwaka jana, linajieleza lenyewe. Hypercar na LMGT3 (daraja la magari ya GT3) za WEC zina sensa za torki kwenye shafti za magurudumu, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye tairi inasomwa moja kwa moja. Huwezi kudanganya injini ina nguvu ndogo. Unaweza kudanganya kwa mguu wa dereva tu, na mguu nao umerekodiwa.

Adhabu zipo. Baada ya Saa 24 za Daytona za 2016, IMSA (wasimamizi wa mbio hizo za Marekani) waliona Lamborghini Huracán GT3 zilikuwa na kasi kwenye mbio ambayo hazikuionyesha kwenye majaribio. Timu zote zilizotumia gari hilo zikapewa adhabu ya dakika tano kwenye matokeo na kampuni ikapoteza pointi. Mwaka huohuo pale Le Mans, Ford GT ziliruka juu ghafla kwenye mchujo wa GTE (daraja la GT la wakati huo), na waandaaji wakabadilisha BoP baada ya mchujo na kabla ya mbio: Ford wakapunguziwa presha ya turbo na kuongezewa kilo 10, Ferrari wakaongezewa 25. Ford walishinda daraja lao hata hivyo.

Kwa mtazamo wangu lile la IMSA lilikuwa haki kuliko la Le Mans. IMSA walitumia kanuni iliyokuwepo: ukionyesha usichokionyesha, unalipa. Le Mans walirekebisha magari usiku wa kuamkia mashindano, timu zikiwa zimeshachagua springi, gia na mikakati ya mafuta kwa gari ambalo sasa si lile. Mabadiliko ya aina hiyo, hata yakiwa sahihi kwa hesabu, yanamwondolea mshindani haki ya kujiandaa. WEC waliweka mfumo wa kikokotoo kwa GTE mwaka 2017 ili mkono wa mtu utoke, lakini Le Mans ikaachwa nje ya mfumo huo. Mbio kubwa kuliko zote ndizo zilizobaki kwenye hiari ya kamati.

Ndiyo sababu jibu langu kwa swali la 2023 ni kwamba kosa lilikuwa la utaratibu. Inawezekana kabisa kilo 37 zilikuwa kipimo sahihi. Lakini ukishatangaza kwamba hutagusa, usiguse. Na ukiweka kanuni, kama walivyo nayo WEC, kwamba timu na madereva wasitoe kauli hadharani kuhusu BoP, basi wewe mwenye kalamu unapaswa kueleza hesabu zako kwa uwazi mara mbili zaidi, kwa sababu umewafunga mdomo walioumia.

---

GiaYaSita amejibu:

Mhakiki, hapo kwenye utaratibu tuko pamoja. Ila tuwe waangalifu na 2023. Toyota namba 8 ilikuwa bado inamfukuza kiongozi, dereva wake Ryo Hirakawa gari likamshinda kwenye kona ya Arnage zikiwa zimebaki chini ya saa mbili. Namba 7 ilishatolewa usiku kwa ajali. Kusema kilo ndizo zilizoamua peke yake ni kurukia hitimisho.

Kuna kitu kingine hakijaguswa, na kinaweza kuzidi hizo kilo: nishati ya zamu. Kila Hypercar inapewa kiwango cha juu cha megajuli kwa zamu moja, na torki inayosomwa kwenye shafti ndiyo inayohesabu matumizi. Lengo ni wote wamalize zamu kwa idadi ileile ya mizunguko. Sasa piga hesabu. Mshindi wa 2023 alimaliza mizunguko 342. Anayekwenda 12 kwa zamu anasimama piti mara 28. Anayefikisha 13 anasimama mara 26. Kila kusimama, ukihesabu kuingia na kutoka, kunakula dakika moja na zaidi. Umeshapata dakika mbili za bure, na mbio zilikwisha kwa tofauti ya sekunde 81. Mtu anayesoma safu ya kilo na kuiruka safu ya megajuli amesoma nusu ya jedwali. Kwenye GT3 kitu hichohicho kinafanywa kwa ujazo wa tangi na kipenyo cha kizuizi cha bomba la kujazia mafuta.

---

Kipimamwendo ameandika:

Nimeelewa. La mwisho: hii ina tofauti gani na ule uzito wa mshindi? Naona watu wanachanganya, na mimi nikiwemo kwenye swali langu la kwanza kuhusu Toyota kushinda mara tatu.

---

Mhakiki_wa_Data amejibu:

Tofauti ni kubwa na ndiyo kiini cha haki yenyewe. BoP inapaswa kulitazama gari: uwezo wa aina hiyo ya gari, awe amelishika nani. Uzito wa mshindi unayatazama matokeo. Super GT ya Japani wanafanya waziwazi: kila pointi inakuletea kilo 2, na kwenye GT500, daraja lao la juu, ukivuka kiwango fulani sehemu ya mzigo inageuzwa kuwa punguzo la mtiririko wa mafuta. Mbio ya kabla ya mwisho mzigo unapungua nusu, ya mwisho wote wanakimbia bila kitu. Kila mtu anajua tangu siku ya kwanza atabebeshwa nini, na anapanga msimu wake kwa kujua hivyo. Huo ni mchezo halali wenye sheria zake.

Kinachokera ni BoP inayogeuka uzito wa mshindi kimyakimya. Timu ikishinda kwa sababu ya mkakati mzuri wa piti, gari lisiongezewe hata gramu. Kuzuia hilo, data inayoingia kwenye hesabu lazima isafishwe: toa mizunguko ya nyuma ya gari la usalama, toa mizunguko ya kwanza ya tairi baridi, toa madereva wa daraja la shaba (wasio wa kulipwa), toa mvua. Mvua ni ya kuangaliwa sana, kwa sababu LMH zenye mota ya mbele zinaruhusiwa kuitumia kuanzia 190 km/h tu, kwa hiyo faida yake inabadilika kulingana na kiwanja na hali ya hewa. Kisha linganisha wastani wa mizunguko bora ya madereva wazuri wa kila aina ya gari, si mzunguko mmoja bora. Kama aina moja ina gari moja tu uwanjani na nyingine ina sita, ile ya sita itapata mzunguko mzuri kwa bahati tu, na wastani wa wengi utaificha ile moja.

---

BawaLaNyuma amejibu:

Niongeze jambo la kutendea kazi kwa anayetaka kujihakikishia mwenyewe badala ya kusubiri mabishano. Jedwali la BoP likitoka, lisome pamoja na lile lililopita, usilisome peke yake. Gawanya nguvu kwa uzito kwa kila gari na uandike mabadiliko kwa asilimia. Tazama safu ya nguvu ya mwendo wa juu ya kikomo, kisha megajuli. Baada ya mbio chukua karatasi za muda za sekta, chagua mizunguko 20 bora ya dereva mkali wa kila gari, na upate wastani wa kila sekta. Mwishoni chukua mwendo wa juu kwenye kipima mwendo cha nyoofu, lakini tupa ile ya magari yaliyokuwa yanafuata mkia wa mwenzake, maana inapandisha namba kwa kilomita kadhaa.

Ukikuta gari liko sawa kwenye wastani wa mzunguko lakini limepoteza sekunde nusu kwenye sekta ya nyoofu na kuirudisha kwenye kona, basi hao wana haki ya kulalamika hata kama msimamo wa muda unasema hawana.